Watu wananiambia Mungu ana kusudi lake, mimi silioni

Swali: "Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu alifariki mwaka jana, aliugua muda mfupi tu, na miezi michache baadaye kazini wakapunguza watu na mimi nikawemo. Kila mtu ananiambia Mungu ana kusudi lake. Mmoja kwenye kikundi chetu cha maombi kaniambia nijichunguze, huenda kuna dhambi sijaitubu. Nikifungua Biblia maneno hayaingii, nikiomba naona kama naongea na ukuta. Mwanangu wa miaka saba kaniuliza kwa nini Mungu kamchukua baba, nikashindwa kumjibu. Naomba unisaidie, tumaini la Mkristo ni nini hasa wakati kama huu, na nitalijuaje kusudi la Mungu?"

Jibu: Amina dada yangu, na pole sana. Pole ya mume na pole ya kazi pia, manake watu wakishakupa pole ya msiba ile ya kazi wanaisahau, kumbe ndiyo inayokukosesha usingizi mwisho wa mwezi.

Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza mambo mengi ndani ya moja, na nianze na hili ambalo naona ndilo linakutesa kuliko yote. Umewekewa mzigo ambao Biblia haijakuwekea, yaani kwamba lazima kwanza ujue kwa nini haya yametokea ndipo uruhusiwe kuwa na tumaini. Watu wanakwambia "Mungu ana kusudi" halafu wanaondoka, wewe unabaki usiku unatafuta hilo kusudi kwenye kifo cha mume wako, hulioni, unaanza kujiona huna imani. Mimi nakwambia acha kwanza kulitafuta huko. Sababu ya msiba ni kitu kimoja na kusudi la Mungu kwako ni kitu kingine. Hiyo sababu huenda usiijue hata siku moja ukiwa hapa duniani, lakini kusudi unaweza kuanza kuishi ndani yake hata wiki hii, na tumaini halisubiri hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Chukua Yusufu, ambaye ndiye kila mtu anamtaja kwenye misiba. Ile kauli yake ya Mwanzo 50:20, kwamba ndugu zake walimkusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, ni kweli tupu na naihubiri kwa moyo wote, ila angalia aliisema lini. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka saba ya shibe, ikaingia ya njaa miwili, ndipo akajitambulisha kwa ndugu zake na kwa mara ya kwanza tunamsikia akisema Mungu ndiye aliyemtuma mbele yao, hapo ni kama miaka 22 tangu shimoni. Kisha Yakobo akaishi Misri miaka 17 mpaka akafa, na ni baada ya mazishi ya baba yao ndipo tunapata hiyo kauli ya 50:20. Piga hesabu mwenyewe, karibu miaka 40! Na aliyeisema ni nani? Ni Yusufu mwenyewe, aliyeteswa. Hakuna mtu aliyekwenda kuchungulia pale shimoni akamwambia "usilie kijana, Mungu ana kusudi lake". Na alipokuwa gerezani alimwambia mnyweshaji wa Farao waziwazi kwamba kaibwa kutoka nchi ya Waebrania na hata hapo gerezani hajafanya neno la kumtia shimoni, akamwomba amtaje kwa Farao wamtoe. Alitaka kutoka! Hakuwa amekaa pale anatabasamu kwa sababu analijua kusudi. Kwa hiyo dada, wewe una mwaka mmoja tu na kidogo, usijilazimishe kutamka maneno ambayo yeye alikuja kuyatamka uzeeni, na kama siku moja yatakuja yatakuja kutoka kinywani mwako mwenyewe, si kwa kusukumwa na mtu.

Sasa huyo wa dhambi ambayo hujaitubu. Hapa niseme wazi bila kuzunguka, hilo neno si la Mungu kwako na usilibebe. Yesu alikutana na swali hilohilo mara mbili. Kwenye Luka 13 aliletewa habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe akaongeza na wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, la. Kwenye Yohana 9 wanafunzi wakamwona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akasema si huyu wala wazazi wake. Na marafiki wa Ayubu waliosema maneno kama ya huyo mwenzako, tena kwa ufasaha mkubwa, sura na sura, mwishoni Mungu aliwakasirikia, akasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye kama Ayubu alivyonena. Ayubu ambaye alikuwa akilalamika muda wote! Toba ni ya kila siku kwa kila Mkristo, mimi na wewe na huyo mwenzako, lakini kuchukua maiti ya mume wa mtu ukaifanya ushahidi wa dhambi yake ni kitu Yesu alikikataa.

Hao marafiki walikuwa na jambo moja jema na lilikuwa mwanzoni. Walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona huzuni yake ni kuu mno. Wangeishia hapo.

Nina hakika umetumiwa Yeremia 29:11 kwenye simu. Karibu kila mfiwa ninayekaa naye anayo kwenye meseji, ina picha ya maua au jua linachomoza. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni neno zuri sana na ni lako pia, sikunyang'anyi. Ila nataka ulisome ndani ya barua yake, manake lile ni sehemu ya barua, na ukilisoma humo linakuwa na nguvu zaidi kuliko likiwa peke yake kwenye picha.

Mwaka 597 KK Nebukadneza aliichukua Yerusalemu, akambeba mfalme Yekonia na mama yake na mafundi na wahunzi na watu wengi wenye kazi zao, akawapeleka Babeli. Sasa hebu wafikirie hao watu, wamepoteza nyumba, kazi, hekalu, makaburi ya wazee wao, wako ugenini hawaielewi lugha. Na kulikuwa na nabii mmoja, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya watu wote akasema ndani ya miaka miwili Mungu atavunja nira ya Babeli na kila kitu kitarudi. Akaichukua ile nira ya mti aliyokuwa kaivaa Yeremia shingoni akaivunja palepale. Unaweza kuona jinsi watu walivyoshangilia. Nani asiyetaka kusikia miaka miwili? Na Yeremia mwenyewe alijibu amina, Bwana afanye hivyo, alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na Hanania akafa mwaka uleule.

Yeremia yeye aliwaandikia barua wale waliohamishwa. Na barua ilisema nini? Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, zaeni, waozeni watoto wenu. Utakieni amani mji huo mliopelekwa na mwuombee kwa Bwana. Halafu ndiyo akasema itatimia miaka 70, na baada ya hapo ndipo linakuja hilo la mawazo ya amani. Miaka 70 dada! Maana yake mtu mzima aliyekuwa anasikiliza barua ile ikisomwa alijua kabisa yeye atazikwa Babeli. Tumaini alilopewa halikuwa kwamba mambo yatarudi kama zamani mwezi ujao. Alipewa Mungu ambaye hajawasahau, ahadi ambayo ni kubwa kuliko umri wake, na kazi ya kufanya kesho asubuhi, achimbe bustani.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali lako lilipo. Hanania alitoa tarehe na watu wakajisikia vizuri. Yeremia alitoa majembe na maombi na watu wakaweza kuishi. Na ahadi ilitimia, mwaka 539 KK Koreshi mfalme wa Uajemi akaiteka Babeli na baada ya hapo akawaruhusu warudi, na waliorudi wengi walikuwa ni watoto na wajukuu wa wale waliokubali kujenga na kupanda na kuzaa ugenini. Wangegoma kuishi mpaka waelewe sababu, wa kurudi wangetoka wapi?

Kwa hiyo ukikutana na mtumishi anakwambia ndani ya siku kadhaa utapata kazi mpya na mume mpya, tena usisahau kupanda mbegu ya sadaka, mkumbuke Hanania. Wafiwa wengi wanaliwa hela zao hapo, na inanichoma moyo kwa sababu anayetoa anatoa akiwa na uchungu, hana hata nguvu ya kuhoji.

Sasa hili la maneno kutoingia na kuongea na ukuta. Kwanza hiyo si dalili kwamba Mungu kaondoka. Zaburi ya 13 inaanza kwa "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", na hilo hata lini linarudiwa mara nne kwenye mistari miwili tu. Zaburi ya 88 ni nzito kuliko zote, mtu analia tangu mwanzo, mchana na usiku, na inaishia gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa kushukuru ambao zaburi nyingine za kilio zinao. Na bado iko kwenye Biblia, watu wa Mungu wameiomba kwa maelfu ya miaka. Mungu aliyeiacha iwemo anajua kuna usiku ambao haufiki asubuhi kwenye ukurasa uleule. Tena Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha. Kama Mwana wa Mungu aliomba hivyo, nani atakwambia wewe hiyo ni kukosa imani?

Kwa hiyo acha kuomba maombi mazuri. Omba la kweli ulilonalo. Chukua hiyo Zaburi ya 13, ni mistari sita tu, isome kwa sauti mara moja kabla ya kulala, hata kama huhisi kitu, halafu ongeza sentensi moja yako, mfano Bwana nimechoka, Bwana nina hasira, Bwana namkosa mume wangu. Basi, lala. Usijipime kama umeguswa. Kulalamika mbele za Mungu ni imani bado, manake asiyeamini hana wa kumlalamikia. Na siku ambazo hata hiyo huwezi, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na mtu wa kanisani anaweza kukusomea wewe ukasikiliza tu.

Umeuliza tumaini la Mkristo ni nini hasa. Mimi naona tatizo ni kwamba tumelichanganya na matarajio ya mambo kwenda vizuri. Wale wawili wa njia ya Emau walisema "nasi tulikuwa tukitumaini", tayari limeshakuwa la jana, kwa sababu walichotarajia kilikuwa kimekufa Ijumaa. Na waliyekuwa wanamwambia hayo alikuwa ndiye mwenyewe, yuko hai, anatembea nao, hawajamtambua! Hapo ndipo tumaini la Mkristo lilipo. Petro analiita tumaini lenye uzima na anasema tumelipata kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu. Limeegemea jambo lililokwishatokea, halitegemei wewe unajisikiaje leo wala hilo la kazi litaishaje. Paulo anasema wazi kwenye 1 Wakorintho 15 kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure na sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote, yaani aliweka kila kitu hapo. Kama alifufuka, basi kifo cha mume wako si neno la mwisho juu yake, na huzuni yako si neno la mwisho juu yako.

Na hilo haliondoi machozi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Yesu alijua kabisa dakika chache zijazo anamtoa Lazaro kaburini, na bado alipomwona Mariamu analia na wale waliokuja naye wanalia, akalia machozi. Kabla ya hapo Martha na Mariamu kila mmoja kwa wakati wake alimwambia neno lilelile, Bwana, kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Ni lawama ile, na haikemewi. Wewe pia unaruhusiwa kumwambia Bwana ungekuwepo pale hospitali.

Halafu kusudi. Warumi 8:28 watu wanaisoma wanaishia hapo, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Soma na wa 29, ndio unaosema hayo mema ni yapi, kwamba wafananishwe na mfano wa Mwana wake. Andiko halisemi kila jambo ni jema, kifo Biblia inakiita adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Linasema hata katika hilo baya Mungu hajaacha kukutengeneza ufanane na Yesu. Ndiyo maana nimesema kusudi unaweza kuanza kuliishi wiki hii bila kujua sababu. Kufanana na Yesu leo hii ni nini kwako? Pengine ni kumsikiliza mwanao badala ya kumnyamazisha. Pengine ni kukubali kusaidiwa wakati ulizoea kuwa wewe ndiye unayetoa, na hilo kwa wengine ni gumu kuliko kufunga siku tatu.

Rudi tena kwa Yusufu gerezani, Mwanzo 40. Asubuhi moja aliingia kwa wale wafungwa wawili, mnyweshaji na mwokaji, akaona nyuso zao si za kawaida, akawauliza mbona leo mko hivyo? Swali dogo kabisa, mfungwa anamuuliza mfungwa mwenzake habari ya uso wake. Kwa swali hilo ndipo akazitafsiri ndoto zao, na kwa hizo ndoto ndipo miaka miwili baadaye akakumbukwa. Yeye hakujua anafanya kusudi la Mungu, alimwona tu mtu mwenye huzuni kwa sababu na yeye alikuwa anaijua huzuni. Mara nyingi linakuwa hivyo, unapita ndani yake hujui.

Kanisa la kwanza nalo lilipita humo. Katikati ya karne ya 3 kulikuwa na tauni kubwa katika himaya ya Roma, na Sipriani askofu wa Karthago, pwani ya kaskazini ya Afrika, hakuwaandalia watu wake maelezo marefu ya kwa nini kisha akakaa. Aliwapanga kuhudumia wagonjwa, na akawataka wawatendee mema hata wapagani waliokuwa wakiwatesa. Dionisi askofu wa Aleksandria naye aliandika jinsi Wakristo walivyowauguza wenzao na wengi wakafa kwa ugonjwa waliouchukua kwa waliowauguza. Tumaini la ufufuo liliwapa mikono ya kufanya kazi. Sikwambii wewe leo uende kuhudumia wengine, wewe ndiye mgonjwa kwa sasa. Nakwambia ili uwadai waliokuzunguka, hii ndiyo kazi yao.

Na hapa nakaza. Wewe ni mjane. Unajua mgogoro wa kwanza wa kugawana vitu kwenye kanisa la Yerusalemu ulikuwa nini? Ni wajane. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, pakatokea manung'uniko, na mitume hawakusema tuwaombee tu. Walichaguliwa watu saba wenye kujaa Roho na hekima kwa ajili ya chakula! Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwa hiyo nenda kwa mchungaji wako au mzee wa kanisa unayemwamini, mwambie kwa maneno ya wazi kiasi gani kinapungua, ada ya shule, kodi ya nyumba, chochote. Usiseme "mniombee hali ni ngumu", watakuombea kweli na wataenda nyumbani. Paulo mwenyewe akiwa amefungwa, kifo anakiona mbele, kwenye barua ya pili kwa Timotheo baada ya kusema vita nimevipiga, mwendo nimeumaliza, anafuata kusema niletee lile joho nililoliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, na ujitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtume mwenye tumaini la taji ya haki anaomba koti na anaomba mtu aje. Hakuna aibu hapo.

Na mwili wako. Hujasema unakula vipi na unalala vipi, ila kwa mtu anayepita unayopita wewe lazima niulize. Eliya baada ya Karmeli alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu alimtumia malaika, na malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, inuka ule, safari ni ndefu. Mazungumzo na Mungu yalikuja baada ya chakula na usingizi na safari ndefu. Kwa hiyo kama hulali wiki nzima, kama umekonda, kama huwezi kuamka kufanya kitu, nenda kamwone daktari, na kama kuna mshauri wa wafiwa karibu nawe nenda pia, hiyo haipingani na maombi hata kidogo. Na kama yanakujia mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, usisubiri Jumapili, mwambie mtu leo hiihii, mtu wa kuja kukaa na wewe, na muende hospitali. Eliya alisema anataka kufa na Mungu hakumtupa.

Sasa mtoto. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu naona ndilo limekuumiza ukaamua kuandika. Kaa naye sehemu ambayo hamna haraka, simu weka mbali. Mwambie baba aliugua, mwili wake ukashindwa, madaktari wakajitahidi, akafa. Tumia hilo neno akafa. Ukisema baba kalala ataogopa kulala, ukisema Mungu alimhitaji zaidi atamchukia Mungu anayechukua baba za watu, na kweli nani asingemchukia huyo? Mwambie pia si kosa lake, hata kama hajauliza, watoto wa umri huo wanaweza kujibebesha lawama kimyakimya, kwamba nilikuwa mtundu ndiyo maana. Akikuuliza kwa nini Mungu hakumponya, mwambie ukweli, mama hajui, na mama pia anamuuliza Mungu hilohilo. Kisha mwambie unachokijua, kwamba Yesu alikufa akafufuka, na wote walio wake atawafufua, ndiyo maana tunamkabidhi baba kwake. Akitaka kulia lieni wote. Akiinuka katikati ya maongezi akaenda kucheza usishangae, watoto huzuni inawaingia na kutoka, atarudi kesho na swali jingine, labda hilohilo tena. Na kama mnaweza, mwachie aombe kwa maneno yake mwenyewe hata akisema Mungu nimekukasirikia, usimsahihishe.

Kuhusu hicho kikundi cha maombi hujaniuliza moja kwa moja ila naona unawaza uende au usiende. Kama ni mtu mmoja tu aliyesema na wengine wanakupenda, nenda, na mmoja wao unayemwamini mwambie lile neno lilikuumiza, aongee na mwenzake. Kama ndiyo mafundisho ya kikundi kizima, pumzika kwanza, tafuta hata mama mmoja au wawili waliopita ujane wakabaki na Mungu, ukae nao. Paulo anasema kwenye 2 Wakorintho 1 kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi, na mistari michache kabla ya hapo kasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili tuweze kuwafariji walio katika dhiki za namna zote. Hao mama wameshafarijiwa, wana cha kukupa. Anza na mmoja, mpigie simu wiki hii, na umwambie tangu mwanzo kwamba hutaki mahubiri, unataka mtu wa kukaa naye.